Barua Zilizokwisha Kusomwa

Amani ya nyumba mtu huijua kwa sauti zake za asubuhi. Kwa Rula, sauti zenyewe zilikuwa hizi: birika likichemka, mapacha wakigombania soksi ambayo kila mmoja aliapa ni yake, na mume akizunguka sebuleni kutafuta bisibisi aliyoiweka yeye mwenyewe.

"Mama watoto, bisibisi yangu umeiona?"

"Iko masikioni mwako, Baba Pacha."

Kweli ilikuwa pale, ameipachika nyuma ya sikio kama fundi seremala na penseli yake. Mapacha wakacheka mpaka chai ikawapalia. Ndivyo walivyoishi, ndugu zangu. Watu wa kawaida, kama wewe na mimi, wanaoamka, kwenda kazini na kurudi kugombana kidogo juu ya nani aoshe vyombo.

Mume alikuwa fundi wa majokofu. Mke alikuwa mchora ramani za nyumba, na jina la Rula alilipata kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila rula yake ya chuma. Hata sokoni alikwenda nayo mkobani. Kama una kiwanja na ndoto, unakwenda kwa Rula, unamweleza, naye anakutolea nyumba yako kwenye karatasi kabla tofali la kwanza halijafyatuliwa. Tena alikuwa msiri. Na kazi ile inataka msiri, kwa maana mtu anayekuchorea nyumba anakujua kuliko shemeji yako. Anajua unalala upande gani, dirisha lipi halijapata nondo, na ni wapi unataka kuficha kile usichotaka kionekane.

Wateja wake walimwandikia barua pepe. Anwani yake ilikuwa moja tu, akiifungua kwenye kompyuta ya ofisini, kwenye kompyuta ya kupakata nyumbani, na kwenye simu. Alijivunia sana jambo hilo. "Ofisi yangu iko popote nilipo," alikuwa akiwaambia watu. Barua aliyoianza ofisini aliimalizia mezani kwake wakati wali unaiva.

Hakuna ubaya hapo. Ubaya ulianzia dukani kwa Mzee Wino.

Mzee Wino alikuwa na duka la kuchapisha, na jina lake lilitokana na vidole vyake, ambavyo havikuwahi kuonekana visafi. Alikuwa na mashine ya kuchapa karatasi pana, zile za ramani, na kompyuta nne za wateja zilizopangwa ukutani. Siku moja Rula alifika pale akitweta, ramani inasubiriwa na mafundi, flashi aliyoibeba ikagoma kusomeka.

"Ifungue kwenye barua pepe yako, uichape kutoka huko," Mzee Wino akamshauri. "Kaa kompyuta ya tatu, ile haisumbui."

Foleni ilikuwa ndefu. Mwanamume mmoja aliyekuwa mbele yake, fundi vioo aliyekuja kuchapa karatasi za bei zake, akasogea pembeni kwa adabu. "Tangulia tu dada, mimi sina haraka."

Rula akashukuru, akaketi, akaingiza anwani na neno lake la siri. Kompyuta ikamuuliza kama ingependeza imkumbuke siku nyingine. Nyuma yake watu wanakohoa, mfukoni simu inaita, mafundi wanangoja. Akabonyeza ndiyo. Ramani ikatoka ndefu na safi. Akabonyeza ile alama ya msalaba pembeni, kama tunavyofanya sote, ukurasa ukapotea machoni pake, akakunja karatasi zake na kuondoka.

Yeye aliamini ameufunga mlango. Hakuufunga, jamani. Aliurudishia tu.

Na kiti kile kabla hakijapoa, kikakaliwa na fundi vioo.

*

Miezi sita ikapita bila kelele. Kama kulikuwa na dalili, ilikuwa ndogo mno. Mnajua barua mpya huja kwa herufi nene, na ukishaifungua herufi zake hukonda. Mara kwa mara Rula alifungua kompyuta ya ofisini akakuta barua ya asubuhi hiyo imekwisha kukonda. Alijiambia, "Nitakuwa niliifungua kwenye simu." Akiwa nyumbani akakuta nyingine, akajiambia, "Hii niliiona ofisini." Mtu mwenye milango mitatu hawezi kukumbuka kila mara ametokea upi. Basi akazisoma na kuendelea na mambo yake.

Wa kwanza kuibiwa alikuwa daktari wa meno. Alikuwa anaongeza chumba, na alimwandikia Rula kwamba familia inasafiri siku nne kumtazama mama mgonjwa, mafundi wasije kwanza, maana dirisha la bafuni limezibwa kwa ubao tu. Siku ya pili ya safari, saa nne asubuhi, jua linawaka na majirani wako barabarani, mtu aliung'oa ubao ule, akaingia, akabeba alichotaka na kutoka kwa mlango wa mbele kama mwenye nyumba. Majirani wawili walimwona. Walidhani ni fundi.

Rula alisikitika kama tunavyosikitikia wenzetu, yaani kidogo, halafu tukapika chakula. Tena ni yeye aliyempendekezea daktari fundi vioo wa kumwekea dirisha jipya. Yule mpole wa dukani alikuwa amempa kadi yake, na kila walipokutana alimsalimu kwa salamu ndefu mpaka akauliza hali za mapacha.

Wa pili alikuwa mama mwenye saluni. Huyu hakuja kusikitikiwa. Aliusukuma mlango wa ofisi ya Rula mpaka ukagonga ukuta.

"Lile kabati lenye mgongo wa uongo," alisema, na sauti yake ilikuwa chini kuliko Rula alivyotarajia, "tulilijua watu wawili. Mimi niliyeliagiza, na wewe uliyelichora. Mume wangu mwenyewe alikuwa halijui. Mwizi hakupekua droo wala hakufunua godoro. Alikwenda moja kwa moja akalisukuma pale pale panaposukumwa. Sasa niambie. Mimi sijajiibia."

Rula akafungua droo na kuitoa ramani ya kabati lile, bado imekunjwa.

Siku iliyofuata akaitwa na mpelelezi wa polisi, mwanamke wa makamo aliyekuwa akiandika polepole kwa mkono wa kushoto.

"Barua hizi za wateja, nani anazisoma?"

"Mimi."

"Wewe peke yako?"

"Peke yangu, afande. Neno la siri hata mume wangu hanalo."

Alisema hivyo kwa moyo wake wote, na mpelelezi aliandika hivyo hivyo. Mnaona kilichotokea? Kwa mdomo wake mwenyewe Rula alikuwa amewaondoa wezi wote duniani, akabaki yeye.

Alitoka kituoni kwa miguu. Njia nzima alihisi anatazamwa, na kila aliyepishana naye alidhani anageuka kumtazama mgongoni. Nyumbani akaanza kukagua makomeo mara tatu tatu. Ofisini akageuza meza ili auelekee mlango. Jioni mapacha wakimwita ghafla, anaruka.

Halafu zile barua zilizokonda zikaanza kumrudia akilini. Je, kweli alizisoma kwenye simu? Zote? Akaanza kuziwekea alama kwenye daftari: hii nimeisoma ofisini, hii nyumbani. Wiki haijaisha akapata mbili ambazo hakuzisoma popote, nazo zilikuwa zimekonda. Usingizi ukamhama.

Hofu, wasikilizaji wangu, ikikosa mtu wa kumshika humshika aliye karibu. Kompyuta ya nyumbani ilikuwa mezani, na mezani anakaa nani?

"Umefungua barua zangu?" alimuuliza mumewe wakati wa chakula cha jioni, mapacha wakiwa uani.

Baba Pacha akacheka. "Mimi za kwangu mwenyewe sizisomi, nikasome zako za mbao na saruji?"

"Sicheki. Kuna mtu anazisoma. Na wewe ndiye unayeingia majikoni mwa watu kila siku kutengeneza majokofu. Unajua nani yuko na nani hayuko. Una marafiki usioniambia habari zao."

Kicheko kilimkauka usoni. Aliweka kijiko chini taratibu, kama mtu anayeogopa kukivunja.

"Unaniita mwizi, mama watoto?"

Rula hakujibu. Na kutojibu, sote tunajua, ni jibu.

Siku hiyo Baba Pacha alichukua godoro dogo, akalipeleka chumbani kwa watoto. Wakawa wanaongea habari za shule na gesi basi. Mapacha, walio na umri wa miaka tisa na akili za watu wazima, wakaacha hata kugombana. Walikula wakitazamana, wakamaliza, wakaondoa sahani zao wenyewe. Nyumba ikawa kimya kama chumba cha kungojea daktari.

*

Siku ya tisa ya ukimya huo ilikuwa Jumanne. Saa nne kasoro asubuhi Rula alikuwa ofisini peke yake, mlango ameufunga kwa ndani. Kompyuta ya kupakata ilikuwa mkobani, imezimwa. Simu ilikuwa mezani kifudifudi. Ikaingia barua kutoka kwa Bibi Mwalimu.

Huyu alikuwa mwalimu mstaafu, mjane, mwenye nyonga mbovu. Alikuwa akiishi peke yake na msaidizi wa ndani, na alimwagiza Rula amchoree choo kipya chenye vishikio na njia ya mteremko badala ya ngazi. Aliandika barua kama anavyosahihisha insha, kila nukta mahali pake, na alimwita Rula mwanangu.

Jina lake lilikaa juu kabisa kwenye kioo kwa herufi nene. Rula alikuwa bado anamimina maji kwenye glasi, mkono mmoja umeshika jagi na mwingine glasi. Akawa anaitazama barua ile huku anamimina.

Herufi zikakonda.

Hivi hivi, mbele ya macho yake. Hakuna kidole kilichogusa kitu. Zilikuwa nene, zikawa nyembamba, kama mshumaa uliopulizwa. Maji yakafurika glasi, yakatambaa mezani mpaka yakaanza kudondoka mapajani mwake, naye hakuyahisi. Alikuwa peke yake chumbani na mlango umefungwa, na mtu alikuwa anasoma barua yake wakati huo huo, labda akisogeza midomo, labda akitabasamu.

Baba Pacha hayuko nyumbani, alikumbuka. Na kompyuta ya nyumbani iko hapa mkobani mwangu.

Aibu ilimpita kama kisu, lakini haikupata nafasi ya kukaa. Alimpigia simu wifi yake, dada mdogo wa mumewe, aliyekuwa akifundisha kompyuta chuoni.

"Wifi, mtu yumo kwenye barua zangu. Yumo sasa hivi!"

"Tulia. Usizime kitu. Uko kwenye kompyuta? Haya, juu pembeni kuna picha yako, ibonyeze. Tafuta palipoandikwa usalama."

Akabonyeza kwingine, akarudi, akapotea tena. Wifi yake alimngoja na kumwelekeza, sauti yake tulivu kama ya mkunga. Dakika zilikwenda.

"Sasa utaona orodha ya vifaa. Kila kompyuta na kila simu iliyofungua akaunti yako na haijatoka. Nisomee."

"Simu yangu. Kompyuta ya ofisini. Ya kupakata." Akasogeza orodha chini. "Kuna nyingine."

"Isome."

"Kompyuta. Iliingia miezi minane iliyopita. Bado imo."

"Ni wapi tena uliwahi kufungua barua zako, wifi? Fikiri. Kazini kwa mtu, hotelini, dukani..."

Rula akafumba macho. Akaona vidole vyeusi vya wino vikimwelekeza kwenye kiti.

"Dukani kwa kuchapisha," alinong'ona. "Mara moja tu. Mara moja!"

"Mara moja inatosha. Hapo pembeni yake pameandikwa ilitumika mwisho lini?"

"Dakika kumi na mbili zilizopita."

Wifi yake akaguna.

"Maana yake nini, wifi?"

"Maana yake ameshainuka."

*

Sasa ndipo Rula alipoisoma barua yenyewe. Ilikuwa fupi.

*Mwanangu, njoo leo upime choo kama tulivyopanga. Msaidizi wangu nimempa ruhusa mpaka jioni. Nyonga imekaza, sitaweza kukufungulia. Mlango wa nyuma nimeurudishia tu, sukuma uingie, nitakuwa chumbani.*

Alimpigia Bibi Mwalimu. Simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikaita mpaka ikakata. Wifi yake akasema atawapigia polisi yeye. Rula akabaki na simu mkononi, na jina moja tu likamjia, jina la mtu ambaye kwa siku tisa hakuwa amemtazama usoni. Asubuhi hiyo mume alikuwa akitengeneza jokofu la bucha, mitaa miwili kutoka kwa Bibi Mwalimu.

"Baba Pacha."

"Naam." Sauti kavu.

"Kuna mwizi anakwenda kwa Bibi Mwalimu. Amesoma barua yangu. Mlango wa nyuma uko wazi na bibi yuko peke yake."

Angeweza kuuliza mengi. Angeweza kusema, ulisema mwizi ni mimi. Alisema neno moja tu, "Nakwenda," na Rula akasikia kitu cha chuma kikianguka sakafuni na miguu ikikimbia.

Yeye alishuka ngazi bila viatu. Kimoja alikiacha mlangoni na kingine hakujua alikiacha wapi. Akapanda pikipiki ya kwanza aliyoiona, akamwambia dereva, "Kimbiza," na dereva alipomtazama uso hakuuliza nauli. Njiani alipiga simu ile ya bibi mara tano. Kila ilipoita alijaribu kuisikia ikiita ndani ya ile nyumba, kando ya kitanda, na mtu akiwa amesimama anaitazama.

Mlango wa nyuma aliukuta umeachama. Pazia la jikoni lilikuwa chini. Kwenye korido, sakafuni, alikuwa amekaa mumewe, na Bibi Mwalimu amelalia mapaja yake. Mkono wa Baba Pacha ulikuwa umechanika kutoka kiwiko mpaka kiganja, damu imelowesha shati, lakini alikuwa akiupepea uso wa bibi kwa kofia yake na kumsemesha kama mtoto.

"Pumua, mama. Vuta, toa. Hivyo hivyo. Wewe ni mwalimu, usishindwe na mimi mwanafunzi."

"Amekufa?" Rula aliuliza, na hakuitambua sauti yake.

"Hajafa. Yule mwizi alimfungia stoo. Bibi alijaribu kutoka akaanguka, nyonga imekwenda. Nilipoingia yule mtu alinirukia na kipande cha kioo, nikamshika akachomoka. Ameruka ukuta. Ameacha mkoba."

Gari la wagonjwa lilikuja, na polisi nyuma yake. Yule mpelelezi wa mkono wa kushoto ndiye aliyeufungua mkoba juu ya meza ya jikoni. Ulikuwa wa turubai. Ndani mlikuwa na kikata vioo, glavu, mkanda wa gundi, na karatasi zilizokunjwa vizuri.

Rula aliijua mistari ile kabla karatasi hazijakunjuliwa. Mtu huijua kazi ya mkono wake. Zilikuwa ramani saba, na kila moja ilikuwa imechorwa juu yake kwa kalamu nyekundu: mduara kwenye dirisha, mshale kwenye mlango, maandishi madogo pembeni. Ya daktari wa meno ilikuwa imekatwa mstari. Ya mama wa saluni pia. Ya Bibi Mwalimu haikuwa imekatwa.

"Hii nyumba ya nani?" mpelelezi aliuliza akiinua ya mwisho.

Rula alitazama, akashika ukingo wa meza. Ilikuwa yake. Mwaka ule alikuwa amechora chumba kipya cha mapacha, akajitumia mwenyewe kwenye barua pepe ili aimalizie nyumbani. Chumba cha watoto kilikuwa kimezungushiwa mduara mwekundu. Pembeni, kwa mwandiko mzuri, mtulivu, paliandikwa: *Wanarudi saa nane na nusu. Peke yao.*

Saa hiyo Rula mwenyewe alikuwa amemwandikia mwalimu mkuu wa shule. Mwezi uliopita, kwa anwani hiyo hiyo.

Hawakungoja. Baba Pacha alifungwa bandeji palepale, wakaenda shuleni wote wawili, wakawatoa mapacha katikati ya kipindi. Mwalimu aliuliza kuna nini. Rula aliwashika watoto mikono mpaka wakalalamika anawaumiza.

*

Mzee Wino alipoonyeshwa kile kikata vioo, alikaa chini. Alikumbuka vizuri nani alikuwa akipenda kompyuta ya tatu. Mtu mpole, mwenye salamu ndefu, ambaye hata zikiwa wazi tatu nyingine alikuwa radhi kuingoja ile. "Nami nikadhani ni mazoea," mzee alisema, akilia. Siku mbili baadaye fundi vioo alikamatwa kwenye stendi ya mabasi akiwa na tiketi mfukoni.

Alipoulizwa alivunjaje akaunti ya watu, alionekana kama aliyeonewa. "Mimi sikuvunja kitu," alisema. "Niliketi nikakuta wazi. Mwanzoni nilisoma kwa kujifurahisha tu."

Bibi Mwalimu alilazwa wiki saba. Nyonga iliunganishwa, lakini hakutembea tena bila kushikwa. Rula alikwenda kumwona siku ya kumi, alipopata ujasiri. Alimweleza yote, kuanzia foleni ya dukani mpaka lile neno ndiyo alilolibonyeza. Hakuficha. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho akiwa ameelekea ukutani. Halafu akasema, bila hasira hata kidogo, na hapo ndipo palipomuumiza Rula kuliko kofi:

"Mwanangu, mimi nilidhani nakuandikia wewe."

Nyumba yake iliuzwa. Siku hizi anaishi kwa binti wa dadake, katika chumba alichochaguliwa na wengine, na mlango hataki ufunguliwe mpaka ajue ni nani, aulize mara mbili, na mara ya tatu.

Rula alikwenda kwa wenye ramani zile zote, mmoja mmoja, kwa miguu yake. Watatu walibadilisha makufuli na kumwambia yamekwisha. Daktari alimsikiliza huku akitazama saa. Mama wa saluni alimpokea mlangoni, akamsikiliza mlangoni, akamuaga mlangoni. Wateja wapya hawakuja kwa mwaka mzima. Mume alirudi chumbani baada ya wiki tatu, baada ya Rula kumwomba radhi mbele ya dada yake na mbele ya watoto, kwa maana watoto ndio walioona baba yao akihamia chumbani kwao. Amesamehe. Kovu lile la mkononi amelipata kwa sababu ya mwanamke aliyemwita mwizi, na hajawahi kulitaja. Lakini ukimuuliza Rula ni kitu gani kinamtisha mpaka leo, hatakutajia fundi vioo, ambaye yuko gerezani. Atakutajia ile saa nane na nusu. Anasema bado ikifika husimama popote alipo, akapiga simu nyumbani, akangoja sauti mbili, ya kwanza na ya pili, ndipo akae.

FUNDISHO

Ndugu zangu, sikusema tusitumie barua pepe, wala sikusema ni dhambi kuifungua akaunti moja kwenye kompyuta tatu au nne. Kazi za siku hizi ndivyo zilivyo. Ninachosema ni kwamba kila kompyuta unayoifungulia ni mlango, na mlango una mwenyewe. Ukikaa kwenye kompyuta isiyo yako, dukani, kazini kwa rafiki, hotelini, usiiruhusu ikukumbuke, hata foleni ikukoholee mpaka ikohoe damu. Ukimaliza, toka kwenye akaunti yako kabisa. Kufuta ukurasa machoni si kutoka. Na mara kwa mara itazame ile orodha ya vifaa. Ukikuta kimoja usichokijua, kiondoe, na neno la siri ulibadilishe siku hiyo hiyo.

Ukikuta barua imesomwa na hukumbuki kuisoma, usijipe moyo kwamba utakuwa uliisomea kwingine. Rula alijipa moyo miezi kadhaa. Na kabla hujamgeukia mumeo, mkeo au mwanao kwa kidole cha lawama, kagua kwanza milango uliyoiacha wewe.

Zaidi ya yote, kumbuka barua zilizomo humo si zako peke yako. Zimo siri za watu waliokuamini: mgonjwa wao, safari yao, dirisha lao bovu, saa ya watoto wao kutoka shule. Wao hawakuketi kwenye kiti kile cha dukani. Wewe ndiye uliyeketi, na wao ndio watakaosikia mlango wa nyuma ukisukumwa.